Ada ya kumwita daktari wa mifugo imenishinda: wafugaji wadogo wa Nairobi mnafanyaje?

Mfugaji wa Ruai

Wanajukwaa, hamjambo. Ninafuga ng'ombe watatu wa maziwa na ndama mmoja kwenye ploti ya robo ekari hapa Ruai, nao ndio wanaonilipia karo ya watoto tangu nilipoacha kazi ya kuajiriwa mwaka wa 2019. Sikuja kulalamika tu, bali nataka kuelewa jambo ambalo limenisumbua kwa mwezi mzima.

Jumatatu moja jioni ng'ombe wangu mkubwa, anayetoa lita 14 kwa siku, alikataa chakula. Nilimpigia simu mtaalamu tunayemtumia hapa mtaani, akaniambia kwamba ada ya kufika tu, kabla hajamgusa mnyama, sasa ni shilingi 1,500. Miaka mitatu iliyopita mtu huyo huyo alikuwa akinitoza shilingi 700. Nikasema moyoni kwamba huenda ni tumbo tu limejaa, nikaenda kwenye agroveti, kijana wa dukani akaniuzia kiuavijasumu cha shilingi 450 baada ya kuniuliza maswali mawili, nami nikamdunga ng'ombe mwenyewe. Kufikia Alhamisi asubuhi tezi za chini ya sikio zilikuwa zimevimba, na anapumua kama aliyepanda mlima. Hapo sikuwa na hiari tena, nikamwita mtaalamu.

Ilikuwa ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Bili yenyewe ilikuwa hivi: kufika shilingi 1,500, dawa ya ndigana 2,800, dawa ya kupunguza maji mapafuni 600, sindano nyingine mbili 800, na kurudi siku ya pili 1,000. Jumla ni shilingi 6,700. Ninauza maziwa kwa majirani kwa shilingi 60 lita, kwa hiyo nilihitaji zaidi ya lita 111 kulipa bili hiyo, yaani maziwa ya siku nane ya ng'ombe huyo akiwa mzima. Naye hakuwa mzima: alishuka hadi lita 3, na hata hizo nilizimwaga kwa sababu ya dawa zilizokuwa mwilini mwake.

Ng'ombe amepona, nashukuru. Hata hivyo nauliza: bei hizi hupangwaje? Je, ninapunjwa, au ndivyo hali ilivyo kila mahali? Na kuna njia gani ya kupunguza gharama bila kuangukia mikononi mwa matapeli wanaotembea na sindano mfukoni?

Mzee wa Waithaka

Ndugu yangu wa Ruai, pole kwa hasara. Nimefuga upande huu wa Dagoretti tangu enzi ambazo watu walishangaa kumwona mtu akifunga ng'ombe ndani ya jiji, basi niruhusu nikueleze tulikotoka, kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba daktari wa ng'ombe alikuwa wa kulipwa tangu zamani.

Haikuwa hivyo. Daktari aliajiriwa na serikali, akapewa gari la serikali, na mkulima akachangia kidogo sana. Marehemu baba alikuwa akisimamisha mtamba kando ya barabara siku ya mzunguko wa uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za dume, na alilipa shilingi moja. Majosho yalikuwa na dawa ya kupe, na kila wiki tuliwapeleka ng'ombe kuogeshwa, ndiyo maana ndigana haikutusumbua kama inavyowasumbua nyinyi. Kisha mwaka wa 1988 serikali ikaacha kuwaajiri moja kwa moja madaktari waliokuwa wakihitimu chuo cha udaktari wa mifugo cha Kabete, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 uhimilishaji na matibabu vikaachiwa watu binafsi, kwa shinikizo la wakopeshaji waliotaka serikali ipunguze matumizi. Majosho yakakabidhiwa wananchi, na mengi yakakauka. Tuliambiwa kwamba ushindani ungeshusha bei. Pengine ulishusha bei mahali penye ng'ombe mia mbili katika kijiji kimoja, ila kwetu sisi wa ng'ombe wawili au watatu sikuwahi kuuona.

Tangu mwaka wa 2013 udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni kazi ya kaunti, kama Katiba ya 2010 inavyosema katika Jedwali la Nne. Maofisa wapo, nami sitawasema vibaya, lakini muda wao mwingi unaishia kwenye ukaguzi wa nyama na vibali vya kusafirisha mifugo. Matibabu ya ng'ombe wako yamebaki kuwa mzigo wako.

Sina Subira

Historia ni nzuri, Mzee, lakini swali lilikuwa kama anapunjwa. Jibu langu ni kwamba ndiyo, anapunjwa. Mimi nilitozwa shilingi 2,000 na mtu aliyemtazama ng'ombe kwa dakika kumi, akadunga kitu kutoka kwenye chupa isiyo na karatasi, akaondoka. Hakuandika jina la dawa, hakunipa risiti, wala hakuniambia maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi. Nilipouliza bei ya dawa pekee yake, alikasirika kana kwamba nimemtukana. Fundi wa gari akifanya hivyo tunamwita mwizi.

Mtaalamu wa Njiru

Nitajibu kwa niaba yangu mwenyewe, si kwa niaba ya taaluma nzima. Nina diploma ya afya ya mifugo, nimesajiliwa, ninafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari kama sheria ya mwaka wa 2011 inavyotaka, na ninahudumu Njiru, Ruai, Mihang'o hadi Utawala kwa pikipiki.

Ndugu Sina Subira, katika jambo moja nakubaliana nawe kabisa. Mteja ana haki ya kuonyeshwa chupa, kuandikiwa jina la dawa, kiasi kilichotumika, na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kuchinja. Asiyefanya hivyo hafai kuitwa tena. Ana haki pia ya kuomba nambari ya usajili na kuihakikisha kwa Bodi ya Wataalamu wa Mifugo ya Kenya, na mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Sasa kuhusu bei. Shilingi 1,500 za Ndugu wa Ruai huanza kutumika kabla sijafika langoni kwake. Mnakumbuka kwamba Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita ya petroli hapa Nairobi ikapita shilingi 200. Wakati huo huo shilingi ilikuwa ikidhoofika, hadi Januari 2024 dola moja ikafika karibu shilingi 160. Dawa nyingi tunazotumia huagizwa kutoka nje, na kila chupa ilipanda. Shilingi ilipopata nguvu tena, bei za jumla zilishuka kwa unyonge sana, na baadhi hazikushuka kamwe. Juu ya hayo kuna leseni ya kila mwaka, mafunzo ya lazima, na friji ya chanjo ambayo lazima iwake hata stima ikipotea.

Hata hivyo hayo yote si kiini cha jambo, na ningekuwa ninawadanganya nikiishia hapo. Kiini ni umbali kati ya ng'ombe mmoja na mwingine. Nilipoanza kazi, ningeingia eneo moja la Ruai asubuhi na kutibu ng'ombe wanane au kumi nikitembea kwa miguu kutoka boma moja hadi jingine, na nauli ya safari hiyo ikagawanywa kwao wote. Leo mashamba yale yamekatwa ploti, ploti zimejengwa magorofa, na waliobaki na mifugo wametawanyika: mmoja yupo nyuma ya kanisa, mwingine kando ya mto, wa tatu ng'ambo ya barabara kuu ambapo nalazimika kuzunguka kilomita kadhaa kutafuta mahali pa kuvukia. Ninatumia saa nzima na mafuta kwa ajili ya ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo mmoja ndiye anayelipa safari yote. Bei haikupanda kwa sababu mimi nimekuwa na tamaa, ingawa sitakataa kwamba wenye tamaa wapo. Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja: takriban kila mwezi nina wateja wasiolipa, ambao huniambia "nitakutumia kwa M-Pesa jioni", na jioni hiyo haifiki. Anayelipa taslimu hubeba sehemu ya deni la asiyelipa. Si haki, lakini ndivyo biashara ndogo inavyojiokoa.

Kuhusu bili yako, Ndugu wa Ruai, niruhusu niseme ukweli bila kukukwaza. Dawa halisi ya ndigana kali hupimwa kwa uzito: mililita moja kwa kila kilo 20. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mililita 20, na hapo hakuna njia ya mkato. Wapo wanaodunga mililita 10 ili bili ionekane nafuu, mnyama anachangamka siku mbili, kisha ugonjwa unarudi na mfugaji analaumu dawa. Kwa hiyo shilingi 2,800 kwa dozi kamili si ajabu. Lakini zile shilingi 600 za mapafu, sehemu kubwa ya zile 800, na huenda hata 1,000 za kurudi, ni gharama ya siku zile tatu za kungoja. Dawa hii hufanya kazi vizuri vimelea vikiwahiwa mapema, kabla mapafu hayajaanza kujaa maji. Kiuavijasumu ulichouziwa dukani hakikuwa dawa ya ugonjwa huo, kwa hiyo shilingi 450 zako hazikununua chochote isipokuwa matumaini.

Nunua kipimajoto. Kinauzwa kwa shilingi mia chache kwenye agroveti yoyote, na kinadumu miaka. Joto la kawaida la ng'ombe mkubwa huwa kati ya digrii 38 na 39 hivi. Ukimkuta amekataa chakula na kipimo kimepita 39.5, usingoje hadi kesho, nami ukinipigia simu na kunitajia namba hiyo, nitajua nibebe nini, na huenda nisihitaji kurudi mara ya pili. Papasa tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega. Kama joto ni la kawaida na tumbo pekee ndilo limejaa, tunaweza kuzungumza kwa simu kwanza na ukabaki na shilingi zako 1,500.

Mama Kuku wa Mwiki

Mtaalamu, umesema neno lililotuchoma wengi, hilo la umbali. Naomba niwaeleze tulivyolishughulikia sisi huku Mwiki, ingawa sisi si wa ng'ombe.

Mimi nina kuku 35 wa kienyeji na mbuzi wanne wa maziwa. Miaka yote nilikuwa nikinunua chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, peke yangu. Chupa ndogo kabisa niliyokuwa nikiipata ilikuwa ya kuku 100, na ikishachanganywa na maji haiwezi kuwekwa hadi wiki ijayo, kwa hiyo nilikuwa nikimwaga karibu theluthi mbili ya kile nilicholipia. Jirani yangu naye, mlango wa tatu kutoka kwangu, alikuwa akifanya hivyo hivyo wiki iliyofuata. Tuligundua upuuzi huo siku tulipokutana dukani, kila mmoja akiwa na chupa yake na barafu yake kwenye mfuko wa plastiki. Tulicheka, lakini kwa kweli ilikuwa aibu.

Sasa tuko akina mama tisa kwenye chama kimoja. Kila baada ya miezi mitatu tunachagua Jumamosi, tunamwita mtaalamu mmoja, naye anapita nyumba zote tisa kabla ya saa sita mchana. Ada yake ya kufika ni shilingi 1,500 vilevile, haijashuka hata ndururu, lakini kila mmoja wetu anatoa kama shilingi 167. Siku hiyo hiyo anawatazama mbuzi, anakata kwato za wanaohitaji, anatoa dawa ya minyoo kwa kupima uzito badala ya kukisia, na anatufundisha kitu kimoja. Mara ya mwisho alitufundisha kukamua michirizi ya kwanza ya maziwa kwenye kikombe cheusi ili tuone mabonge ya ugonjwa wa kiwele kabla chuchu haijavimba. Haikuwa rahisi kuanza, msidhani. Wawili walijitoa kwa sababu hawakutaka jirani ajue idadi ya kuku wao.

Na mkisikia chanjo ya serikali inakuja, jitokezeni. Ile kampeni iliyotangazwa kuanza mapema 2025, ya ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo (PPR), wenzangu wengi waliiogopa kutokana na maneno ya mitandaoni. Mimi sikuona sababu ya kumkimbiza mbuzi wangu kutoka kwenye chanjo ambayo peke yangu nisingeweza kuigharamia.

Mfugaji wa Ruai

Nawashukuru wote, na Mtaalamu hujanikwaza, ingawa nilisoma aya ile ya siku tatu za kungoja nikiwa nimekunja uso. Nilikuwa nimejihesabia kwamba nimeokoa shilingi 1,500 Jumatatu ile. Mke wangu aliposoma alisema tu, "Si nilikwambia?"

Nina maswali mawili. La kwanza, ng'ombe wangu hawatoki nje ya zizi kabisa, wanalishwa humo humo. Kupe wametoka wapi? La pili, nimewahi kusikia kwamba kuna chanjo ya ndigana kali inayodungwa mara moja tu. Ikiwa ipo, mbona hakuna aliyewahi kuniletea?

Mtaalamu wa Njiru

Kupe waliletwa na majani. Nepia na nyasi zinazokatwa kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyo wazi, ambako ng'ombe wa wafugaji wa kuhamahama hupita wakati wa kiangazi, huja na kupe ndani ya mzigo. Yanyaushe juani kwanza inapowezekana, na unyunyizie dawa ya kupe kwa ratiba, ukilenga ndani ya masikio na chini ya mkia, kwa sababu kupe wa kahawia anayeeneza ndigana kali hupenda sikio. Wengi hunyunyizia mgongo na mbavu, kisha wakadhani wamemaliza kazi.

Chanjo ipo, na jambo la kusikitisha ni kwamba njia yake ilitengenezwa miaka ya 1970 kwenye kituo cha utafiti hapo Muguga, mwendo wa matatu mbili au tatu kutoka zizini kwako. Mnyama hupewa vimelea hai pamoja na kiuavijasumu cha muda mrefu, kwa hiyo hupata kinga bila kuugua sana, na kwa kawaida kinga hiyo humtosha maishani, ilimradi aendelee kuishi mahali penye kupe. Haimzuii kupata ndigana baridi, ambayo ni ugonjwa mwingine wa kupe, kwa hiyo kunyunyizia hakuishi. Sababu ya kutoletewa ni ile ile ya chupa za Mama Kuku: huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyogeuzwa kimiminika chenye baridi kali, hufungwa kwa dozi 40 pamoja, na ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache. Nikiifungua kwa ajili ya ng'ombe wako wanne, dozi 36 zinaharibika, na hakuna mfugaji wa ng'ombe wanne atakayelipia 40. Wafugaji wa vyama vya ushirika kule Kiambu wanalimudu jambo hili kwa urahisi zaidi, kwa kuwa gharama inaweza kukatwa kwenye malipo ya maziwa kidogo kidogo. Sisi wa mashariki ya jiji tunauza maziwa kwa jirani, mmoja mmoja, na hatuna pa kukatwa.

Mzee wa Waithaka

Sheria ya kilimo cha mjini ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka wa 2015 inatambua kwamba sisi wafugaji tupo. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuandika barua kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo na kuomba friji, au hata siku moja ya ofisa wao. Mtu mmoja mwenye ng'ombe watatu akiandika barua kama hiyo, hata mimi ningeiweka chini ya rundo.

Sina Subira

Haya, nimeelewa hesabu ya umbali. Bado nadai risiti.

Mfugaji wa Ruai

Risiti nami nitaidai, na kipimajoto nimenunua leo kwa shilingi 350. Nilimpima ndama ingawa hakuwa mgonjwa, akanipiga teke.

Jumapili baada ya ibada nilizunguka na daftari kutoka kwangu hadi karibu na mto. Nilidhani tumebaki wafugaji watano, kumbe tuko kumi na mmoja, na wengine nimepita malango yao kwa miaka bila kujua kuna ng'ombe ndani. Waliokubali kuchanja ni tisa, wenye jumla ya ng'ombe 26 wakiwemo ndama waliofikisha umri. Mmoja anasubiri ng'ombe wake azae kwanza, na mwingine anasema Mungu ndiye daktari wake, sikubishana naye. Mtaalamu amekadiria shilingi 1,200 kwa kila mnyama tukifikisha 40, pamoja na kufika na kuwachunguza siku chache baadaye, na tumekubaliana kwamba kila mtu atalipa kabla chanjo haijayeyushwa, ili pasiwe na ile "jioni" ya M-Pesa.

Tumepungukiwa na ng'ombe 14. Ikiwa uko Utawala, Mihang'o au Njiru na unaweza kuongeza hata mmoja, niandikie hapa idadi na umri wao kabla ya mwisho wa mwezi.